Mwanga Uliofukiwa Ardhini: Jinsi Mtandao wa Nyuzi za Kioo Unavyotoka Jijini Hadi Katani

*Matini kamili ya mada iliyowasilishwa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata kuhusu huduma za mawasiliano*



Kila mkutano unapofika kwenye kipengele cha maswali, maswali mawili kuhusu mtandao hurudi. La kwanza huulizwa na wakulima waliopisha mtaro katika mashamba yao: iweje mkongo wa mawasiliano upite hatua chache kutoka mlangoni, na nyumba yenyewe ikose huduma? La pili huulizwa na wauguzi, walimu na wenye maduka: iweje mtandao uwepo mjini wakati katani umekatika tangu asubuhi? Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yote mawili yamo katika namna mtandao wenyewe ulivyojengwa. Anayeifahamu namna hiyo atajua sababu ya kero yake. Zaidi ya hapo, atajua nini anapaswa kukilinda na nini ana haki ya kukidai.

Mtandao hauko hewani

Simu ya mkononi haina waya, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mtandao wote unaelea hewani. Ukweli ni kwamba mawimbi ya redio hufanya kazi katika kipande kifupi cha mwanzo, kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara ulio karibu. Mnara nao ni lazima uwe na njia ya kuzifikisha taarifa mbele. Baadhi ya minara hutumia antena za sahani zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima. Mingine, hasa inayohudumia watu wengi, imeunganishwa moja kwa moja na uzi wa kioo, ambao mafundi huuita faiba. Hata taarifa zinazorushwa na sahani, baada ya hatua chache hufika kwenye mnara ambao chini yake upo uzi huo.

Mama anapofika zahanati na kuandaliwa namba ya malipo ya Serikali, ombi la namba hiyo husafiri hewani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hushuka ardhini. Kutoka hapo hadi kwenye seva inayolijibu, na kurudi, ombi hilo ni mwanga. Hupita kando ya barabara, chini ya makalavati, kwenye nguzo za umeme na chini ya mitaa ya jiji. Kwa hiyo malipo ya mama huyo, matokeo ya mtihani anayoyasubiri mwanafunzi, na salio la mwenye duka vinategemea kitu kilichofukiwa ardhini, ambacho jembe linaweza kukifikia.

Kwa nini mwanga haumwagiki nje ya uzi

Msingi wa teknolojia hii ni tabia ya mwanga ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuishuhudia. Achukue chupa ya plastiki inayopitisha nuru, atoboe tundu dogo ubavuni karibu na kitako, aijaze maji, kisha gizani amulike tochi kutoka upande wa pili kuelekea kwenye tundu. Maji yanapochuruzika na kupinda kwenda chini, mwanga hupinda pamoja nayo, na pale yanapodondokea panang'aa. Mwanafizikia Jean-Daniel Colladon aliwaonyesha watu jambo hili mjini Geneva, Uswisi, katika miaka ya 1840.

Sababu yake ni kwamba mwanga uliomo ndani ya maji, unapogonga mpaka wa maji na hewa kwa pembe ya mlazo, haupenyi kutoka nje. Wote hurudishwa ndani, ukagonga upande wa pili, ukarudishwa tena, na hivyo ukaendelea na safari. Uzi wa kioo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila badala ya maji na hewa hutumia aina mbili za kioo. Katikati kuna kiini chenye upana wa takriban maikromita 9, yaani sehemu 9 kati ya 1,000 za milimita moja. Kiini hicho kimezungukwa na gamba la kioo kingine linalofanya upana wote uwe maikromita 125, sawa na sehemu moja ya nane ya milimita. Kioo cha gamba kinatofautiana kidogo sana na kile cha kiini, lakini tofauti hiyo ndogo yatosha kuufanya mwanga ubaki katikati. Juu ya gamba hupakwa plastiki, na nyuzi nyingi za namna hiyo hufungwa pamoja ndani ya waya mnene mweusi ambao wakazi wameuona ukitandazwa kutoka kwenye magurudumu makubwa ya mbao.

Kanuni ilijulikana mapema, lakini kioo chenyewe kilikuwa hakifai. Yeyote anayetaka kuona sababu na atazame ukingo wa kioo cha dirisha. Kwa mbele kioo ni cheupe, lakini kwenye ukingo kina rangi ya kijani, kwa sababu chembe za chuma zilizomo humeza sehemu ya mwanga. Katika dirisha hasara hiyo haidhuru, lakini kioo cha namna hiyo kikirefushwa kilometa moja, hakuna nuru itakayotokea upande wa pili.

Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya utafiti mjini Harlow, Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walichapisha hoja kwamba kosa si la kioo bali ni la uchafu uliomo ndani yake. Walisema kwamba kioo kikisafishwa kiasi cha kubakiza walau asilimia 1 ya mwanga baada ya kilometa moja, mawasiliano kwa nyuzi yatawezekana. Miaka minne baadaye, mwaka 1970, watafiti wa kampuni ya Corning nchini Marekani walitengeneza uzi uliovuka kiwango hicho. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Nyuzi zinazofukiwa siku hizi ni safi kiasi kwamba asilimia 1 ya mwanga hubaki baada ya kilometa 100. Kipimo ambacho watafiti wale walikitamani kwa kilometa moja sasa hupatikana kwa umbali mara mia.

Jinsi mwanga unavyobeba maneno

Kila kinachopita katika simu au kompyuta, iwe sauti, picha, au kiasi cha fedha, kwanza hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Mwanzoni mwa uzi hukaa leza ndogo, nayo huusoma mfululizo huo kwa mwanga: kwa moja huwaka, kwa sifuri hufifia. Mwishoni mwa uzi hukaa kipokezi kinachougeuza mwanga kuwa umeme na kuzirudisha tarakimu kama zilivyokuwa. Mzee aliyewahi kumwona mlinzi akimpa mwenzake ishara kwa tochi kutoka ng'ambo ya bonde amekwisha kuielewa mbinu hii. Tofauti ni kasi: leza ya kawaida katika mitandao ya mijini huweza kutoa ishara bilioni 10 kwa sekunde. Mitambo mipya zaidi hubadili pia mpangilio wa mawimbi yenyewe, na kwa njia hiyo hupitisha bilioni 100 na zaidi kwa sekunde katika mwali mmoja.

Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, pungufu ya ule wa hewani lakini wa kutosha kabisa. Umbali wa kilometa 100 huumaliza kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtandao unapokuwa mzito, basi, si mwanga uliochoka. Aghalabu ni mnara wenye watumiaji wengi mno, au njia nyembamba mahali fulani inayolazimisha taarifa zisubiri zamu.

Jambo moja la tahadhari liwekwe wazi hapa. Mwanga unaotumika kwa safari hizi hauonekani kwa macho, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko ya rangi nyekundu. Uzi uliokatika waweza kuonekana umekufa na kumbe leza ingali ikiwaka upande wa pili. Hakuna mtu, mtoto au mkubwa, anayepaswa kuchungulia ncha ya uzi wa kioo, wala kuushika kwa vidole vitupu, kwa sababu vipande vyake huingia katika ngozi kama miiba isiyoonekana.

Rangi nyingi katika uzi mmoja

Jiji linapokua, uzi uliotosha jana haumudu mzigo wa leo. Kufukua barabara kila mara ili kuongeza nyuzi ni gharama kubwa na usumbufu kwa wananchi. Wahandisi waligundua kwamba leza kadhaa zinaweza kutumia uzi mmoja kwa wakati mmoja, mradi kila moja itoe mwanga wa rangi yake. Rangi hizo huchanganywa mwanzoni na kutenganishwa mwishoni, kama mvua inavyoutenga mwanga wa jua ukawa upinde. Hapa neno rangi ni la mfano, kwa kuwa macho hayaioni hata moja.

Kuna mitambo nafuu inayopitisha hadi rangi 18 zilizoachana sana, nayo hufaa kwa umbali wa mjini. Kuna mingine ya gharama zaidi inayopanga rangi 80 na zaidi zikiwa zimekaribiana. Rangi 80, kila moja ikibeba biti bilioni 100 kwa sekunde, hufanya biti trilioni 8 kwa sekunde katika uzi mwembamba kama unywele. Safari inapokuwa ndefu, mwanga huongezewa nguvu njiani bila kugeuzwa umeme, kwa kupitishwa katika kipande cha uzi kilichotiwa madini ya erbiamu. Ubunifu huo, uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza na maabara nyingine katika mwaka 1987, ndio uliofungua njia kwa mikongo mirefu ya leo.

Pete ya jiji

Dar es Salaam ni mfano ulio karibu wa jinsi mambo haya yanavyokutana mahali pamoja. Mkongo wa SEACOM uliwasili hapo kutoka baharini mwaka 2009, na wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Hapo pia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hupokea mizigo ya baharini na kuipeleka mikoani hadi mipakani. Kati ya bahari na mikoa lipo jiji lenyewe, lenye benki, hospitali, vyuo, ofisi, vituo vya kuhifadhi taarifa na minara isiyohesabika. Mtandao unaoviunganisha vyote hivyo ndani ya eneo la makumi ya kilometa ndio huitwa mtandao wa jiji, na umbo linalopendelewa kwa mtandao huo ni pete.

Katika pete, vituo vimepangwa kama vijiji kando ya barabara inayozunguka mlima na kurudi ilikoanzia. Kila kituo hushusha mzigo wake, hupakia unaoondoka, na kuuacha mwingine upite bila kuufungua. Mpangilio huo ulipewa kanuni za kimataifa mwaka 1988. Kiwango chake cha kwanza kilikuwa biti milioni 155 kwa sekunde, kiasi kinachotosha mazungumzo 1,890 ya simu kwa wakati mmoja. Viwango vimepanda mno tangu hapo na mitambo imebadilika, lakini hekima ya pete imebaki.

Hekima yenyewe ni hii: kati ya vituo viwili vyovyote katika pete kuna njia mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Uzi ukikatwa upande mmoja, vituo vilivyo pembeni mwa jeraha hutambua kwamba mwanga umekoma, na mzigo huelekezwa upande wa pili. Kanuni za mitambo ile ziliagiza kazi hiyo ikamilike ndani ya sehemu 50 kati ya 1,000 za sekunde baada ya hitilafu kugunduliwa. Aliye katika mazungumzo ya simu husikia mkwaruzo mdogo, au hasikii chochote. Hii ndiyo sababu mkazi wa mjini huweza kulala na kuamka bila kujua kwamba usiku mtambo wa kuchimba barabara ulikata mkongo mtaani kwake.

Lakini pete ina sharti. Njia zake mbili ni lazima ziwe mbali kweli kweli. Zikifukiwa katika mtaro mmoja, au zote zikipita juu ya daraja moja, basi pete hiyo ipo kwenye karatasi tu, na mafuriko yatakayolichukua daraja yatazichukua zote kwa pamoja. Hata nchi nzima haikwepi sharti hilo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini kwa wakati mmoja, na watumiaji wa Tanzania na wa nchi jirani wakapata shida ya intaneti kwa siku kadhaa, licha ya kwamba nyuzi zilizo ndani ya nchi zilikuwa nzima.

Tawi la kata, na majibu ya maswali mawili

Sasa maswali ya mwanzo yanaweza kujibiwa.

Swali la kwanza lilihusu mkongo unaopita karibu na nyumba. Mkongo wa masafa marefu si kama bomba la maji ambalo fundi hulitoboa na kutia koki. Mwanga uliomo umetumwa kutoka kituo hadi kituo, ukiwa umechanganywa rangi na kasi ambazo simu au kompyuta ya nyumbani haiwezi kuzisoma. Ili mkazi anufaike, mahali fulani njiani ni lazima pawepo kituo cha kushushia, chenye jengo, umeme wa uhakika na mitambo. Kutoka kituo hicho hutandazwa uzi wa aina nyingine ya mtandao, ule wa majumbani. Katika mtandao huo uzi mmoja hugawanywa kwa kifaa kidogo cha kioo kisichohitaji umeme, na kuhudumia nyumba au ofisi 32, wakati mwingine 64, hadi umbali wa takriban kilometa 20. Mfumo wa kawaida wa namna hiyo hushusha biti bilioni 2.5 kwa sekunde na kupandisha bilioni 1.25, na wote walio kwenye mgawanyo hutumia kwa pamoja. Kwa hiyo kinachokosekana katika kijiji ambacho mkongo unapita ni kituo cha kushushia, wala si uzi. Dai la mwananchi lielekezwe hapo.

Swali la pili lilihusu kukatika katani wakati mjini shwari. Jibu lake ni kwamba mji umo ndani ya pete, na kata nyingi zimeunganishwa kwa tawi. Tawi hutoka katika pete kwa njia moja na kuishia katika mnara au ofisi ya mwisho. Halina upande wa pili wa kuzungukia. Likikatwa, hakuna mtambo wenye akili unaoweza kulinusuru, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuchagua. Zahanati, shule ya sekondari, ofisi ya kata na mawakala wa fedha, wote walio mbele ya jeraha hunyamaza kwa wakati mmoja.

Jembe linapogusa uzi

Ajali yenyewe huwa ndogo. Kijana anachimba mtaro wa maji, au msingi wa ukuta, au shimo la nguzo. Anakutana na utepe wa rangi wenye maandishi ya tahadhari, anaupuuza, na pigo linalofuata linakata. Wakati mwingine mkongo huwa umekwisha kufunuliwa na mmomonyoko, au na uchimbaji wa mchanga mtoni karibu na daraja. Wakati mwingine tanuru la matofali huwashwa juu ya njia yake, na joto likaharibu plastiki kisha kioo. Na mara nyingine mtu hukata kwa makusudi akitumaini kuuza shaba. Hasara hiyo ndiyo inayosikitisha zaidi, kwa sababu ndani ya uzi huu hamna shaba. Mna kioo na plastiki, na hakuna mnunuzi wa vyuma chakavu atakayevipa bei.

Baada ya hapo huanza kazi ya kutafuta jeraha. Fundi aliyeko kituoni hutuma mapigo mafupi ya mwanga ndani ya uzi na kupima muda yanapochukua kurudi, kama mtu anayepiga kelele bondeni na kusikiliza mwangwi. Kila sehemu moja ya milioni ya sekunde ya kusubiri ina maana ya takriban mita 100 za umbali. Kwa namna hiyo jeraha hujulikana lilipo bila kufukua njia nzima. Kikosi husafiri hadi hapo, huchimba pande zote mbili, huongeza kipande kipya cha mkongo, kisha huunganisha uzi mmoja baada ya mwingine. Kila ncha husafishwa, hukatwa sawasawa, hupangwa chini ya darubini ndogo, na kuyeyushwa kwa cheche ya umeme hadi vioo viwili viwe kimoja. Mkongo wenye nyuzi 48 ukikatwa huhitaji viungo 48 kila upande wa kipande kipya, na vumbi au mvua huirudisha kazi nyuma. Pigo la sekunde moja hulipwa kwa saa nyingi, na wakati huo mgonjwa aliyeko zahanati anasubiri namba ya malipo.

Wajibu wa mkazi na haki yake

Kutokana na hayo, Halmashauri inawaomba wakazi mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja.

Kwanza, kabla ya kuchimba kando ya barabara au mahali penye bikoni za mkongo, mkazi au fundi wake atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili wenye mkongo waulizwe njia yake. Pili, anayekutana na utepe wa tahadhari ardhini asimamishe kazi papo hapo. Tatu, anayeuona mkongo uliofunuliwa na maji, au chemba iliyovunjika mfuniko, atoe taarifa siku hiyo hiyo. Kuufukia upya mkongo mzima ni kazi nyepesi kuliko kuuunga uliokatika. Nne, matanuru ya matofali na ya mkaa yasijengwe juu ya njia ya mkongo, na mchanga usichimbwe kwenye miguu ya madaraja. Tano, aliyekata kwa bahati mbaya asikimbie wala kufukia kimya kimya. Taarifa ya mapema huwaokoa mafundi muda wa kutafuta, na majirani hurudishiwa huduma mapema.

Wajibu huo una haki inayouandama. Mwananchi anayetunza tawi ana haki ya kuuliza kwa nini bado ni tawi. Wakati wa kupanga mipango ya maendeleo katika vijiji, ni halali mikutano mikuu ijadili mawasiliano kama inavyojadili maji na barabara. Mtoa huduma anapokuja kuomba njia katika ardhi ya kijiji, aulizwe maswali mawili mbele ya mkutano na majibu yake yaandikwe katika muhtasari. La kwanza: kituo cha kushushia kilicho karibu na kijiji kitakuwa wapi, na lini? La pili: njia hii ikikatwa, kata itapata mtandao kwa kupitia wapi? Vilevile, mtaro wa bomba la maji au wa barabara unapochimbwa, ni busara kuuliza kama bomba tupu la kupitishia nyuzi linaweza kulazwa humo humo. Katika kazi hizi gharama kubwa aghalabu ni ya kuchimba, wala si ya kioo. Mtaro uliokwisha kufunguliwa ukifukiwa bila bomba hilo, utafunguliwa tena baadaye kwa fedha nyingine.

Siku kata mbili zilizo jirani zitakapounganishwa moja kwa nyingine, matawi yao mawili yatakuwa pete, na jembe moja halitatosha kuinyamazisha zahanati. Hadi siku hiyo ifike, kinga iliyopo ni macho ya wakazi wanaopita kila siku juu ya mwanga wasiouona. Asiyejua mkongo unapita wapi kijijini kwake aanze kwa kumuuliza Mtendaji wake kesho asubuhi.